Krismasi na Wageni wa Korea: Pilau ya Mbuzi au Samaki wa Kupaka?

Wakorea wawili, mtu na mkewe, watakula nasi Desemba 25 hapa Bamburi, na nyumbani tumegawanyika. Mama anataka pilau ya mbuzi. Mimi nataka wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Pilau ina heshima yake. Bila harufu ya bizari kutoka uani, jirani atajuaje kuna sikukuu? Tena hupikwa mapema, mpishi akapata kuoga na kukaa na wageni. Shida ni mchele. Mkorea amezoea punje fupi zinazoshikana, anazokula kwa kijiko au vijiti vya chuma. Pilau nzuri huchambuka punje moja moja, na hapo vijiti vimeshindwa.

Samaki ndiyo karata yangu. Changu mzima, kapasuliwa mgongoni, kapakwa ukwaju na pilipili, kachomwa juu ya makaa, halafu anamiminiwa tui zito mpaka linaganda kingoni. Kwao samaki wa kuchoma ni chakula cha kila siku, na waliokulia kimchi, ile kabichi yao ya pilipili iliyochachushwa, hawatatishwa na achari ya embe. Ubaya wake: lazima mtu asimame motoni na joto hili la Desemba, na mtu huyo ni mimi.

Adabu haitusumbui. Viatu watavua mlangoni bila kuambiwa, na kijiko hawatashika kabla babu hajaanza. Wakija na keki ya krimu, tuipokee kwa mikono miwili. Kwao ndiyo Krismasi yenyewe.

Naandika haya mbuzi ameshafungwa mwembeni. Changu nitamnunua tu.