Mbolea ya kupuliza kwenye majani ya maharagwe: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Picha ya mharagwe uliobeba maganda mbele ya kopo haisemi kitu. Geuza kopo nyuma utafute asilimia ya kila kirutubisho, kwa sababu unachonunua ni gramu za zinki, molibdeni au manganizi. Vilivyobaki ni vya kubebea tu. Zidisha uzito wa pakiti kwa asilimia, kisha gawa bei kwa gramu ulizopata. Kilo 1 ya salfeti ya zinki ya asilimia 22 ina gramu 220 za zinki. Busta ya maji (mchanganyiko wa virutubisho vingi kwenye chupa) iliyoandikwa gramu 10 za zinki kwa lita ina gramu 10 basi kwa kila lita, hata ikiwa chupa ni ya kupendeza.

1. Salfeti ya zinki. Hii ndiyo ya kuanza nayo, maana maharagwe ni miongoni mwa mazao yanayoumia haraka zinki ikipungua, hasa penye chokaa nyingi, fosforasi nyingi, au pale udongo wa juu ulipochukuliwa na mmomonyoko. Majani machanga hubaki madogo, hupauka kati ya mishipa kisha huwa na rangi ya shaba, na mmea hudumaa.

Kuna aina mbili na watu huzichanganya. Chembe kubwa zinazong'aa huwa na zinki asilimia 21 hadi 22. Unga mkavu huwa na 33 hadi 36. Kwa pampu ya lita 16 weka gramu 80 za ile ya kwanza au gramu 50 za ile ya pili. Ukipima unga kwa kipimo cha chembe, majani yataungua kingo. Ili kupunguza ukali, korogea gramu 40 za chokaa iliyozimwa kwenye ndoo pembeni, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine kwenye pampu. Puliza mmea ukiwa na majani matatu ya utatu (kila jani lina vijani vitatu), urudie baada ya siku 10 hadi 14. Lita 200 kwa hekta zinatosha.

Usiichanganye na mbolea yenye fosfeti. Maji hugeuka maziwa, mashapo hushuka chini na nozo huziba. Ukiwa na shaka, jaribu kwanza kwenye chupa ya kioo kwa nusu saa.

2. Molibdeti ya sodiamu. Ni ya pili kwa sababu moja tu: si kila shamba linaihitaji. Kwenye udongo wa tindikali, molibdeni hufungwa ardhini, na bila hiyo vinundu vya mizizi haviwezi kukamata naitrojeni. Shamba huwa la kijani hafifu kama lililokosa naitrojeni, ingawa ukifukua unakuta vinundu vipo. Gramu 200 za molibdeti kwa hekta (karibu gramu 80 za molibdeni) hutosha kwa msimu, yaani gramu 16 kwa pampu ya lita 16, mara moja, wiki mbili hadi tatu na nusu baada ya kuota. Kwa kiasi kidogo hivyo, hata ikiwa ghali kwa kilo, kwa hekta ni rahisi. Usizidishe: majani yenye molibdeni nyingi huwanyima ng'ombe shaba.

3. Salfeti ya manganizi. Nunua ukiwa umemwaga chokaa kupita kiasi na majani machanga yana njano kati ya mishipa pamoja na vidoa vya kahawia. Vinginevyo ipite.

4. Keleti za EDTA, yaani kirutubisho kilichoshikwa na kemikali (kikeletisho) iitwayo EDTA ili kisigande na vitu vingine majini. Haziunguzi majani kirahisi na hukubali kuchanganywa na viuatilifu vingi. Lakini zinki ya EDTA ina asilimia 14 au 15 tu, na jani halina shida kunyonya salfeti. Zinafaa kwa mwenye maji magumu au anayetaka kupuliza mara moja pamoja na dawa. Ukiona neno keleti bila jina la kikeletisho wala asilimia, rudisha rafuni.

5. Busta za mchanganyiko. Hubeba virutubisho sita au saba, kila kimoja kwa punje. Shamba linalokosa zinki huhitaji zaidi ya punje, na lisilokosa kitu halihitaji chochote.

Ya mwisho: boroni. Maharagwe huvumilia boroni kwa shida sana, na tofauti kati ya pungufu na sumu ni ndogo. Bila majibu ya maabara ya udongo au majani, usinunue, hata ikiwa ofa.

Lolote utakalochukua, puliza asubuhi mapema au jioni, majani yakiwa hayana maji na jua halichomi. Acha mstari mmoja bila kupuliza. Baada ya siku 7 hadi 10 linganisha majani mapya, si ya zamani; yaliyokwisha kupauka mara nyingi hayarudi kuwa kijani. Mistari ikifanana, kirutubisho ulichonunua hakikuwa ndicho kilichopungua, na chupa ya pili haitabadilisha hilo.