Maji ya bomba Ngamiani: huduma nzuri, ufukiaji mbovu

Nikiulizwa kuhusu maji ya bomba katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga, nitasema huduma ni nzuri: maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kupanda hadi kwenye tangi la juu, na bili huja kwenye simu ikionyesha usomaji ambao mteja anaweza kuulinganisha na dira iliyopo ukutani kwake. Chanzo chake ni mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, na mwaka 2024 mamlaka ya maji iliuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu, hatua ambayo binafsi naiona ya kijasiri kuliko kungojea bajeti ya Serikali.

Alama nazipunguza kwenye ujenzi. Mkandarasi mmoja alichimba mtaro wa bomba kukatisha barabara yetu, akaufukia kwa mchanga mtupu bila kuushindilia. Masika yalipoingia mchanga ukatitia, na sasa bajaji zikipita hapo huinama upande mmoja, abiria wakishikilia vyuma. Diwani tulimwendea, naye akalifikisha suala barazani, ila nguvu ya madiwani hapa ina mipaka: bei ya maji huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na barabara za mijini zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Wanachoweza kushinikiza ni kwamba kibali cha kukata barabara kisitolewe bila dhamana ya fedha, ambayo mkandarasi hatarudishiwa mpaka kifusi kishindiliwe na kukaguliwa.