Vyumba vya kasino Las Vegas: nilivyovipenda nikiwa na miaka 30 na ninavyovipenda sasa

Nianze na la dini ili tusipotezeane muda: sichezi kamari, sikuwahi kucheza, na ninachokipima hapa ni chumba cha kulala tu. Wanaobisha barazani kwamba mtu wa Ngamiani, Tanga, hawezi kulala hoteli ya kasino bila kushika karata hawajui biashara ile ilivyokuwa. Mgeni wa aina yangu ndiye aliyefaidi kuliko wote. Mwenye hoteli alikuwa anauza kitanda kwa bei ya kutupa, hasa katikati ya wiki, akitegemea usiku utashuka chini uache mshahara kwenye mashine. Usiposhuka, umelala kifalme na wengine wamekulipia.

Hapo ni mwaka 1994. Nilikuwa baharia, meli yetu ikishusha bandari ya Long Beach, California, na wenzangu tukachanga nauli tukapanda basi kuvuka jangwa hadi Las Vegas. Mtu anayelala kabini ya wanne jirani na injini usimuulize chumba kizuri ni kipi, maana kwake chochote kisichotetemeka ni kizuri. Mji wenyewe ulikuwa umeshikwa na wazimu wa kujenga. Hoteli ya Luxor, ile piramidi ya vioo vyeusi ambayo lifti zake hupanda kwa mshazari kufuata ukuta, na MGM Grand yenye vyumba 5,005, zote zilikuwa zimefunguliwa mwishoni mwa 1993. Mbele ya hoteli ya The Mirage palikuwa na volkano ya bandia, inalipuka usiku, bure. Tulisimama pale tukiwa tumeacha midomo wazi, sisi ambao tumekua tunaiona milima ya Usambara kila siku.

Hoteli tuliyolala nitaificha jina, kwa sababu nilirudi hapo hapo uzeeni na mengine nitakayoyasema si mazuri. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, ukuta mmoja kioo kitupu kuanzia kwenye kapeti hadi darini. Nikiulizwa wakati ule, ningekipa nyota tano bila kuvuta pumzi: taa za mji chini ya miguu, vioo kila upande, bomba za rangi ya dhahabu. Lakini ukinibana nieleze kitanda kilikuwaje, sikumbuki. Nilikilalia saa chache za alfajiri nikiwa na viatu. Beseni la kuogea, lile la kujilaza, sikulijaza hata mara moja, niliweka begi ndani yake. Chumba kilikuwa mahali pa kupigia picha za kutuma Tanga, na kazi hiyo kilifanya vizuri sana.

Mwishoni mwa 2025 binti yangu anayeishi California akatupeleka mimi na mama yake, kwa gari, safari ndefu kuliko Tanga na Dar. Hoteli ni ile ile, imekarabatiwa. Mimi sasa nina miaka 61, goti la kulia bovu, na sindano za sukari kwenye mkoba.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni umbali. Kutoka tulipoegesha gari hadi mapokezi, kutoka mapokezi hadi lifti, njia yote inapita katikati ya mashine za kamari, nayo haijanyooka. Hakuna dirisha, hakuna saa ukutani, na moshi wa sigara umetanda, kwani sheria ya Nevada inaruhusu kuvuta sigara kwenye ukumbi wa kasino. (Hoteli ya Park MGM imepiga marufuku sigara jengo zima tangu 2020. Wenye pumu waandike hilo.) Mwaka 1994 sikumbuki hata kama kulikuwa na kutembea. Safari hii nilipumzika njiani kwenye kiti cha mashine, na mhudumu akaja kuniuliza nitakunywa nini, akidhani nacheza.

Chumbani kwenyewe, mke wangu ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali. Kitanda kirefu kwenda juu, akawa anakipanda kama anapanda Fuso. Swichi za taa hazina kibonyezo, ni kioo cha kugusa chenye michoro midogo. Ukiamka saa nane za usiku kwenda haja ndogo, na umri wetu tunaamka, unagusa ukitafuta taa ya chooni, pazia linafunguka na mji mzima unakumulika. Choo hakina maji ya kujisafishia, karatasi tu. Mke wangu alilijua hilo mapema akabeba kopo kutoka nyumbani. Binti akaona haya, lakini siku ya pili akaliazima.

Na wudhu. Sinki la marumaru, zuri, refu kimo cha tumbo langu. Ujanani ningeinua mguu nikauweka humo bila kufikiri. Sasa goti limekataa, ikabidi niingie kwenye bafu la manyunyu, ambalo sakafu yake inateleza na halina pa kushika. Mlemavu hupewa chumba chake chenye vishikio, lakini sisi tulio katikati, tusio vijana wala walemavu, hatukufikiriwa. Kibla haikunisumbua: Tanga tunaelekea karibu kaskazini tupu, na kule pia ni kaskazini, ukisogea kidogo mashariki. Dirisha letu lilitazama huko huko. Nilisali alfajiri nikiona chini watu wanatoka kwenye milango ya kasino na nguo za jana.

Chai ndiyo iliyonikera kabisa. Chumba cha bei ile hakina jagi la kuchemshia maji! Gesti ya Chumbageni kwetu Tanga ukiomba maji ya moto unaletewa chupa. Kule unavaa, unashuka, unapita tena kwenye mashine, unapanga foleni, unalipa dola kadhaa kwa kikombe cha karatasi. Binti akaniambia ni desturi ya hoteli nyingi za mji ule tangu zamani, na ukifikiri kidogo unaelewa: chumba cha kasino hakikuundwa kikukalishe. Kila kinachokosekana juu ni sababu ya kukushusha chini. Kijana hashtuki, maana yeye mwenyewe anataka kushuka.

Friji nalo lipo, limejazwa vinywaji vya hoteli, na kila chupa imekaa juu ya kihisio. Ukiinyanyua tu kuangalia bei, imeandikwa kwenye bili. Pa kuweka insulini hapakuwepo. Nilipopiga simu nikaeleza ni dawa, walileta friji dogo jingine bila malipo, tena upesi. Hapo nawapongeza, na mwenye sukari asione aibu kuomba.

Baada ya kulalamika hivyo mtadhani sikufurahi. Nilifurahi kuliko mara ya kwanza, ila kwa vitu vingine kabisa. Pazia la giza likifungwa, saa sita ya mchana inakuwa usiku wa manane, na kwa ukuta ule mnene husikii gari wala jirani. Lile beseni nililoliwekea begi mwaka 1994, sasa nililijaza maji ya moto hadi shingoni, na goti likanyamaza hadi jioni. Hewa ya jangwa ni kavu ajabu kwetu tuliozoea joto la unyevu la pwani: midomo inapasuka, lakini fulana ukifua inakauka kabla hujamaliza tasbihi. Mchana mmoja binti na mama yake walikwenda madukani, mimi nikabaki kitini dirishani tangu adhuhuri hadi magharibi. Sikuwa na la kufanya wala la kukimbilia. Nilikitumia chumba chote, kila kona, na nilipotoka siku ya mwisho nilikijua kama kabini yangu.

Kuna jambo linanichekesha hapo. Mimi nimekizeekea chumba, lakini na wenye hoteli wamebadilika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hoteli kubwa za Strip, ile barabara kuu ya kasino, zimekuwa zikiingiza fedha nyingi zaidi kwenye vyumba, chakula na maonyesho kuliko kwenye kamari. Bellagio ya 1998, iliyojengwa pale ilipolipuliwa hoteli ya Dunes, ilikuja na chemchemi za muziki na picha za wachoraji wakubwa. Venetian ya 1999 haina chumba cha kawaida, kila kimoja kina sebule yake. Kitanda kikageuka bidhaa. Ule ujanja wetu wa mabaharia, kulala kwa hela ya wacheza kamari, umekwisha. Juu ya bei ya chumba kuna tozo ya huduma, hoteli nyingi ni kama dola 50 kwa usiku, utumie bwawa la kuogelea usitumie. Afadhali tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inataka tozo hiyo ionekane kwenye bei wanayotangaza, si kukurukia mwishoni. Yaani nimefika umri wa kukithamini chumba, nao ndipo wamejua kukiuza.

The Mirage nilitaka kumwonesha mke wangu volkano. Haipo. Hoteli ilifungwa Julai 2024, na jengo jipya linaloinuka hapo litakuwa na umbo la gitaa. Miaka karibu 35 imewatosha. Mimi natoka mji ambao jengo la Wajerumani pale Bombo bado limesimama linatazama bahari, kwa hiyo sikujua niseme nini.

Mpwa wangu anakwenda huko Januari kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki, akaja kuniuliza: “Mjomba, nichukue ghorofa ya juu kabisa?” Nikamwambia chukua, una miaka 28, na huko chumbani hutakaa. Ila wiki ya maonyesho bei zinapaa, kwa hiyo alipe mapema. Ukiwa na umri wangu, omba chumba karibu na lifti, ghorofa yoyote, uulize kwa simu kama beseni lipo maana wengi wameyang'oa, na jagi dogo la umeme beba mwenyewe, ukihakikisha linakubali umeme wao wa volti 120. Langu la hapa la 230 linachemsha taratibu mno, mtaishia kugombana.

Mke wangu yeye anasema akirudi anataka hoteli isiyo na kasino kabisa. Zipo, pale pale mjini: Vdara haina kasino wala sigara, na Four Seasons imekaa kwenye ghorofa za juu za mnara wa Mandalay Bay ikiwa na mlango wake na lifti zake, hupiti kwenye mashine hata moja. Nimeziangalia bei zote mbili. Nimempelekea binti.