Uzoefu Wangu na EcoFlow River 2: Kuchaji Vifaa Kambini Kando ya Cessna 172

Kila mwisho wa Julai uwanja wa ndege wa Wittman ulioko Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hugeuka kuwa mji wa mahema. Maonyesho ya ndege ya AirVenture ya EAA, chama cha Kimarekani cha wapenzi wa ndege, ambayo yana makao yake hapo tangu 1970, huvuta maelfu ya ndege ndogo, na marubani wengi hulala palepale walipoegesha, hema likiwa limesimamishwa chini ya bawa au nyuma ya mkia. Eneo la kaskazini liitwalo North 40 ni uwanda wa nyasi tu: una kamba zako za kufungia ndege, una hema lako, na hakuna soketi karibu nawe. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minnesota, na husafiri huko pamoja na rafiki yangu kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, tunayoimiliki kwa ubia na wenzetu. Baada ya kutumia vifaa vya kila aina, ninachopendekeza bila kusita ni betri ya kubebeka ya ukubwa wa kati, ambayo kwangu ni EcoFlow River 2, ikisaidiwa na paneli ya sola ya kukunja ya wati 60.

Asiyezoea ndege ndogo anaweza kudhani kwamba suala hili linahusu simu na picha pekee. Siku hizi ramani za anga, hali ya hewa na taarifa maalumu ya taratibu za kuingia na kutoka Oshkosh ziko ndani ya kishikwambi. Ndege ambazo marubani wake huruka kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo huingia moja nyuma ya nyingine zikifuata njia ya reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, kwa mwendo wa maili za baharini 90 kwa saa na mwinuko wa futi 1,800, marubani wakisikiliza redio bila kujibu na kutikisa mabawa wanapotambuliwa na waongoza ndege walio chini. Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Kishikwambi kilichozimika asubuhi ya safari ni jambo la usalama kabisa, na ndiyo maana nakala ya karatasi hukaa nasi daima kwenye mfuko wa pembeni. Juu ya hapo kuna redio ya mkononi, ambayo kwayo tunasikiliza mnara wa kuongozea ndege tukiwa kambini na ambayo ndiyo akiba yetu ikiwa redio za ndege zitanyamaza, kuna kipokezi kidogo cha kuonyesha ndege nyingine angani, kuna simu mbili na tochi za kichwani.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni hili: ndege yenyewe si ina betri? Inayo, na ukiangalia tarakimu peke yake utaona kama jibu limepatikana. Cessna 172 za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hutumia mfumo wa volti 28 wenye betri ya volti 24, na betri nyingi za aina hiyo zina takriban ampea-saa 11 hadi 13, ambazo ni kama wati-saa 264 hadi 312. Hata hivyo, betri hiyo ya risasi na asidi imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha irudishiwe chaji mara moja na altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini. Ukiinyonya taratibu usiku kucha unaifupishia maisha. Isitoshe, ukiwasha swichi kuu ili soketi ipate umeme, kontakta ya betri, yaani swichi ya sumaku inayoiunganisha na ndege, yenyewe huanza kula mkondo wake, na mara nyingi hula mwingi kuliko simu unayoichaji. Betri ikilala, ndege haisukumwi kama gari ili iwake, na kuzungusha propela kwa mkono ni kazi inayoweza kumkata mtu. Lililo zito zaidi ni kwamba betri hiyo ndiyo hubaki kulisha redio na vifaa altaneta inapokufa angani, kwa hiyo anayeondoka na betri iliyokaushwa kambini anaondoka bila akiba. Kwetu swichi kuu haiguswi mpaka tuko tayari kuwasha injini.

Njia ya pili ni pawabenki, nami bado ninabeba moja. Inafaa kujua inachobeba kwa kweli. Maandishi ya miliampea-saa 20,000 yanahesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, hivyo jumla yake ni wati-saa 74, na baada ya umeme kupandishwa hadi volti 5 au zaidi kinachofika kwenye vifaa ni wati-saa 60 na kidogo. Kishikwambi cha kawaida kina betri ya karibu wati-saa 29, simu ya kisasa karibu 13. Kwa mtu mmoja anayelala usiku mmoja au miwili, pawabenki mbili nzuri zinatosha kabisa na hana haja ya kununua kitu kingine. Kwa watu wawili wanaokaa wiki nzima, chaji ya siku moja ya simu mbili, kishikwambi, redio na vidude vingine hufika wati-saa 70 hadi 80 ukijumlisha upotevu, na hapo pawabenki inakwisha kabla ya siku ya pili kukucha. Vipo vibanda vya kuchajia kwa ajili ya wageni, lakini binafsi sipendi kuacha kishikwambi chenye ramani zangu mbali na macho yangu.

River 2 ina wati-saa 256 na uzito wa kilo 3.5. Ukitoa upotevu, tunaitegemea kwa siku mbili na zaidi, karibu tatu, bila jua lolote. Seli zake ni za lithiamu, chuma na fosfati, kemia ambayo ni tulivu zaidi inapopata joto au kugongwa kuliko seli za nikeli na kobalti zilizo ndani ya vifaa vingi, na sifa hiyo pekee ilinitosha kuichagua, kwa sababu inasafiri nami ndani ya chumba kidogo chenye matangi ya petroli juu ya kichwa changu. Nyumbani ninaijaza kwa umeme wa ukutani kwa muda wa kama saa moja, jambo linaloniwezesha kuichomeka ninapoanza kupakia mizigo. Kioo chake kinaonyesha wati zinazoingia, wati zinazotoka na asilimia iliyobaki, nami nimekuja kukitegemea kama ninavyotegemea geji ya mafuta. Ushauri mmoja unahusu betri zote za aina hii: tumia tundu za USB na uache soketi za umeme wa nyumbani zikiwa zimezimwa, maana inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, hula umeme hata pasipo kifaa kilichochomekwa, na usiku mmoja wa usahaulifu unaweza kumeza chaji ya simu kadhaa.

Paneli ndiyo inayohitaji mkono na jicho. Wati 60 zilizoandikwa ni za maabara. Kwenye nyasi za North 40, anga likiwa jeupe, kioo cha River 2 kinasoma thelathini na kitu hadi arobaini na kitu. Mwishoni mwa Julai jua la huko hufika kileleni karibu saa saba mchana kwa saa za Wisconsin, likiwa nyuzi 65 hivi juu ya upeo, kwa hiyo wakati huo paneli iliyolazwa chini haipotezi sana. Asubuhi na alasiri ndipo hasara inapokuwa kubwa, na kuiinua ielekee jua kunaongeza wati waziwazi mbele ya macho yako. Kivuli chembamba cha kamba ya kufungia bawa, kikipita juu ya safu moja ya seli, huangusha usomaji wote ghafla. Sogeza paneli hatua mbili na namba zinarudi. Mchana wa karibu saa 15 husaidia sana. Anayepiga kambi kando ya ndege Kenya au Tanzania atapata saa 12 hivi, lakini jua lake la adhuhuri litakuwa karibu utosini.

Usiilaze paneli juu ya bawa. Inakwaruza rangi, inapata joto kutoka pande mbili, na upepo wa propela ya jirani anayetembeza ndege yake unaweza kuirusha kwenye usukani wa mkia wa mtu mwingine. Yetu tunaipigilia vigingi vya hema pembe zote nne, na mawingu ya radi yakianza kupanda magharibi, jambo la kawaida Wisconsin wakati wa kiangazi, tunaikunja kabla ya kukagua kamba za ndege. Betri hukaa kivulini chini ya bawa, waya mrefu ukienda juani, kwa kuwa seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikivuka nyuzi joto 45, na ndani ya ndege iliyofungwa juani joto hilo hupitwa mapema mno.

Tukiwa angani, kishikwambi huchajiwa kwenye soketi ya ndege, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Adapta nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa magari ya volti 12, na kuichomeka adapta ya namna hiyo kwenye mfumo wa volti 28 ni kuitafutia moshi. Tafuta iliyoandikwa kwamba inapokea hadi volti 30 au zaidi. Halafu ijaribu chini, redio ikiwa imefunguliwa kizuizi cha mkwaruzo (squelch) ili usikie kila kelele, kwa sababu adapta mbovu hutoa mvumo ndani ya masafa ya megahezi 118 hadi 137 ambayo marubani huzungumza nayo redioni. Nilipata moja iliyofunika sauti ya mwongoza ndege wa uwanja kwa mkwaruzo mtupu. Nilipoichomoa sauti yake ilirudi safi, na adapta ile haikupanda tena ndege yetu.

Mwenye nia ya kununua betri hii Marekani na kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki kwa ndege ya abiria ajue mapema kwamba haitaruhusiwa. Abiria anaruhusiwa betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100, au hadi 160 kwa idhini ya shirika, tena kwenye mzigo wa mkononi tu. Huyo anunue pawabenki zilizo chini ya wati-saa 100 na paneli ndogo yenye tundu la USB. Zitambebea simu, redio na kishikwambi kwa siku kadhaa.