Uzoefu wangu: sikio lilianza kulia ghafla, kliniki ikaniambia nirudi baada ya mwezi

Mwezi mmoja! Ndicho nilichoondoka nacho kwenye kliniki moja ya masikio hapa Dar, mwanzoni mwa masika, sikio la kushoto likiwa siku ya tatu linalia kama nyenje na sauti za watu upande huo zimefifia. "Ukiendelea, rudi baada ya mwezi." Maneno matano tu, na yanaweza kumgharimu mtu usikivu wake wote. Hasira bado ninayo, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Daktari wa chumba cha kwanza hakushika hata kile kitochi cha kuangalia sikio. Alinisikiliza nusu dakika, macho kwenye simu, akasema, "Dada, huo ni uchafu tu, tutausafisha." Msaidizi akaja na bomba kubwa la sindano, akavuta maji ya bombani, akayasukuma ndani. Chumba kizima kikazunguka. Nikashika meza kwa mikono miwili. Kwenye bakuli la chuma yakatoka maji meupe kama yalivyoingia, hakuna hata chembe ya nta. Nikalipishwa elfu ishirini na tano za kuoshwa sikio lililokuwa safi.

Kuosha sikio kuna utaratibu wake. Kwanza unaangalia ndani: kama ngoma ya sikio imetoboka, au sikio linatoa usaha, maji hayaingii kabisa. Pili, nta ngumu hulainishwa siku tatu hadi tano kwa matone ya bikaboneti ya soda au mafuta ya zeituni yasiyo ya moto. Tatu, maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37, ukiyamwaga kwenye kifundo cha mkono usisikie baridi wala moto. Maji ya baridi hutikisa ute ulio kwenye mifereji ya usawa ndani ya sikio, ndiyo maana mtu huona dunia inazunguka. Na maji huelekezwa kwenye ukuta wa juu wa tundu, si moja kwa moja kwenye ngoma. Msaidizi yule alikosea karibu yote. Simlaumu sana, kwa sababu ametumwa. Namlaumu aliyemtuma bila kuangalia.

Na kulikuwa na maswali ya kuuliza, hayazidi dakika mbili. Mlio uko sikio moja au yote mawili? Usikivu umepungua? Tangu lini? Unafuata mapigo ya moyo? Kuna kizunguzungu, uso umelegea, umeanguka na kugonga kichwa? Unatumia dawa gani? Hilo la dawa kwetu ni kubwa. Aliyewahi kuwekewa dripu ya kwinini anaujua mlio huo, na wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Aspirini nyingi nayo huvumisha masikio. Lakini sindano za gentamisini na streptomisini huua vinyweleo vya sikio la ndani, na vikifa havioti tena. Usikatishe dozi kwa uamuzi wako. Rudi siku hiyohiyo kwa aliyekuandikia umwambie masikio yameanza kulia.

Kelele nazo ni kisa chake. Ukitoka kwenye muziki mkubwa masikio yakavuma yote mawili, mara nyingi hutulia ndani ya siku moja au mbili. Mlio wa sikio moja ulioanza ghafla pamoja na kufifia kwa sauti ni jambo jingine, ni dharura. Madaktari wa masikio hulipima hivi: usikivu ukishuka desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi kwenye toni tatu zinazofuatana, ndani ya saa 72, sikio la ndani limepigwa. Tiba yake ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Sasa weka hizo wiki mbili karibu na "rudi baada ya mwezi" uone kilichonikasirisha.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichohitaji kifaa. Funga mdomo, guna "mmm" kwa sauti nzito, usikilize mguno unaelemea wapi. Ukielemea upande wa sikio bovu, huenda tundu limeziba tu kwa nta au maji. Ukielemea upande wa sikio zima, mashaka yahamie sikio la ndani, na usingoje kesho. Hakichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, ila kinakupa neno la kusema mapokezi. Wangu ulielemea kulia, upande mzima. Nilimwambia daktari yule. Akacheka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika kichwani: nyota moja, msiende. Lakini haki yake mtu apewe. Kesho yake nilirudi kudai kipimo, nikaelekezwa chumba cha mwisho, na huko nilikuta kazi ya kweli. Fundi kijana, kibanda kimefunikwa sponji ndani, vipokea sauti vizito. Kabla ya yote aliangalia masikio yote mawili kwa kitochi. "Dada, bonyeza hata ukihisi unaisikia kwa mbali sana. Ukichanganyikiwa na mlio wako niambie, nitakupigia toni ya kukatakata." Hilo la kukatakata ndilo linalomtofautisha anayejua: toni iliyonyooka inafichwa na mlio, toni inayokatika inatambulika. Alipima toni kuanzia hezi 250, nzito, hadi 8000, nyembamba, akanigeuzia karatasi. Duara nyekundu za sikio la kulia zimekaa juu, X za bluu za kushoto zimeshuka kama ngazi kwenye 2000, 3000 na 4000. Hakusema "utazoea". Alimpigia simu daktari bingwa, akaja jioni ileile.

Niliandikiwa prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, miligramu 60, yaani vidonge 12 vya miligramu 5, vyote kwa pamoja asubuhi baada ya kula, kisha dozi ikateremshwa polepole. Asinunue mtu duka la dawa kwa kusoma hapa. Steroidi hupandisha sukari na presha, huchokonoa vidonda vya tumbo, na bingwa alipima hivyo kwanza. Wala si dawa ya uhakika: wapo wanaorudiwa na usikivu bila dawa, wapo wanaomeza zote na wasipate kitu. Kama vidonge havikusaidia, ipo sindano ya steroidi inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio. Uliza mapema.

Usikivu ulirudi kiasi. Mlio umebaki, mwembamba. Usiku ndio shida yake, kwa sababu ubongo ukikosa sauti kutoka sikioni hujiongezea wenyewe, na kimya huupa nafasi. Hivyo usizibe sikio kwa pamba. Washa feni, au redio katikati ya stesheni, sauti iwe chini kidogo ya mlio, usiufunike wote. Ukiufunika kabisa ubongo haupati nafasi ya kuuzoea. Usiweke maji ya kitunguu saumu. Na matone ya ginko, mti wa dawa wa Kichina, na vidonge vya zinki vinavyouzwa kwa bei ya kutisha havijathibitika kuuondoa.

Nyota tatu, basi. Hapana. Kila nikikumbuka lile bakuli la maji meupe nashusha hadi mbili, maana ningekuwa mtu wa kutii ningekaa nyumbani hadi mwezi uishe. Mbili zenyewe ni za chumba cha mwisho.

Ukilazimika kwenda, usipange foleni ya chumba cha kwanza. Waambie mapokezi hivi: "Usikivu umepungua ghafla sikio moja, leo siku ya pili, nataka kipimo cha usikivu kabla ya kuoshwa." Wakikataa, chukua daladala uende hospitali ya rufaa, Muhimbili wana madaktari wa masikio, walioko Moshi wana KCMC, na Mwanza kuna Bugando. Mlio ukifuata mapigo ya moyo, au uso ukilegea upande mmoja, usipitie kliniki kabisa, nenda idara ya dharura. Chumba cha kipimo kiko mwisho wa korido, mkono wa kushoto, na kinafungwa saa nane mchana.