“Breki ni breki, injini ni injini”: yaliyonikuta gereji moja ya Ilala

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Gari ni Land Rover 109, Series III ya petroli, aliloniachia marehemu baba. Anayelijua analijua, sina haja ya kulielezea. Kuelekea mwisho wa masika lilianza vituko. Likisimama mataani linatetemeka, resi inapanda na kushuka yenyewe. Ukikanyaga mafuta, kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, inacheua. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inalipuka. Siku moja mataa ya Chang'ombe lilipasua kama bunduki, bodaboda wakatawanyika, na trafiki akanisimamisha kuuliza nimebeba nini.

Na breki ikawa ngumu. Hapo kwenye breki naomba mpashike.

Gereji nilielekezwa na watu ninaowaamini. Ni pasafi, wana risiti, wana benchi la kukalia wateja. Mkubwa wa mafundi akaja, nikamweleza yote, mtetemo, kucheua, milipuko. Nikaongeza: “Halafu fundi, tangu haya yaanze breki nayo imekuwa nzito, naikanyaga kwa nguvu zote.” Hakuniacha nimalize. “Mama, breki ni breki, injini ni injini. Usituchanganyie mambo. Wewe endesha, ufundi tuachie sisi.” Vijana wake wakacheka. Akaondoka huku anajifuta mikono, mimi bado nimefungua mdomo.

Walitoa plagi mbele yangu. Nyeupe pee, zote nne. Hata mwanafunzi wa ufundi anajua plagi nyeupe inasema nini: hewa imezidi, petroli haitoshi. Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. Hewa ikizidi sana moto unaungua polepole, vali ya kuingizia inafunguka ilhali ndani bado panawaka, na mchanganyiko unaoingia unashikia humo humo. Ndiko kucheua kwenyewe. Silinda isipowasha kabisa, petroli inatoka mbichi na kwenda kuwakia kwenye ekzosi. Ndiyo ile milipuko. Kwa hiyo jibu walikuwa nalo kiganjani, limebaki swali moja tu: hiyo hewa ya ziada inapitia wapi?

Hawakuliuliza. Wakaniuzia plagi mpya. Halafu pointi za distribyuta na kondensa, vipuri vya umeme wa plagi, wakasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Halafu, na hili nilidokezwa na kijana mmoja wa pale mwenye adabu zake, wakapanua matundu ya jeti za kabureta ili petroli iongezeke! Mtu anatoboa jeti badala ya kutafuta upenyo wa hewa. Matokeo yake mataani likatulia kidogo, lakini nikishika mwendo Barabara ya Mandela natoa moshi mweusi na petroli inakwisha mbio. Lazima iwe hivyo. Hewa ya kuvuja inasumbua zaidi injini ikiwa taratibu, kwa sababu inavuta hewa kidogo. Ukikanyaga mafuta, ule uvujaji unakuwa mdogo mbele ya hewa yote inayoingia, na jeti iliyopanuliwa inabaki inamwaga petroli bure.

Niliporudi kulalamika nikaambiwa tatizo ni petroli ya siku hizi, haina madini ya risasi, magari haya hayaiwezi. Petroli yenye risasi iliondoka nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Gari hili limekunywa isiyo na risasi miaka yote hiyo bila kulipuka. Kukosa risasi kunaweza kula viti vya vali taratibu, hakuleti hewa ndani ya manifoldi, lile bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye silinda. Nikauliza tena kuhusu breki. Jibu lile lile, safari hii bila hata kunitazama. Wakaniwekea kabureta mpya, ya kuigiza, kwa bei ambayo sitaki kuiandika hapa. Gari likatoka linacheua.

Aliyenitoa kwenye mateso haya ni fundi mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe kule Keko. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kunisikiliza. Nilipofika kwenye breki akaniinulia mkono. “Hebu rudia hapo, mwanangu.” Nikarudia. Akaniambia niwashe. Akavuta choki nusu, ile ya kupunguza hewa inayopita kwenye kabureta, injini ikatulia. Akairudisha, mtetemo ukarudi. “Linavuta hewa,” akasema. Akachukua koleo, akalizungushia kitambaa, akabana mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki. Injini ikanyooka hapo hapo. Akaupindua mpira, upande wa chini umepasuka, pale unapogusana na chuma.

Busta ndiyo inayousaidia mguu kukanyaga breki, na inapata nguvu zake kutokana na mvuto wa manifoldi, kupitia mpira ule. Ukipasuka, injini inakunywa hewa isiyo yake na breki inanyimwa mvuto, vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimewaambia siku ya kwanza, kwa mdomo wangu! Mpira nimeununua kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kwa bei ndogo kuliko zile plagi.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, maana haki ni haki: mchomeleaji wao alinizibia chasisi iliyoliwa na kutu, kazi safi, na hadi leo haijafunguka. Mwenye Land Rover anajua, bodi ya alumini inavumilia chumvi ya pwani lakini chasisi ya chuma haivumilii. Kwa kazi ya chasisi ningesema nendeni. Lakini nikikumbuka kwamba waliniachia nitoke na breki inayokufa, katikati ya malori ya bandarini, na nilikuwa nimewaambia... hapana. Hata kwa chasisi msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana.

Na kuna jambo halijaisha. Kabureta yangu ya zamani wamebaki nayo. Yule mzee anasema ni nzima, inataka jeti nyingine tu. Mara ya kwanza niliambiwa imetupwa, mara nyingine iko stoo, mara mwenye funguo amesafiri. Ile ni mali ya baba yangu na sijaiuza kwa mtu. Kama mmojawenu pale gerejini anasoma hapa, itoeni stoo, nakuja kuichukua.