Judogi nzito kwa wasichana wa Mombasa: inafaa, lakini si kwa kila siku

Ukiitazama fainali ya judo ya Olimpiki ya Paris 2024, ya wanawake wa kilo 63, utatamani nguo ile. Siku hiyo Andreja Leški wa Slovenia alimshinda Prisca Awiti Alcaraz wa Meksiko, ambaye baba yake ni Mkenya. Jina la Awiti halihitaji kutafsiriwa hapa kwetu. Wote wawili walivaa judogi, yaani vazi la judo, nzito yenye lebo nyekundu ya Shirikisho la Kimataifa la Judo, IJF: kitambaa cha gramu 650 hadi 750 kwa mita ya mraba. Je, msichana wa Mombasa ainunue? Kwa mashindano, ndiyo. Kwa mazoezi ya kila siku, hapana, hasa kama maji ya nyumbani ni ya kisima.

Tuanze na uzuri wake, maana ni mkubwa. Kola ni nene na haikunjiki vidoleni, kwa hiyo mpinzani hutumia nguvu nyingi kuishikilia. Koti jepesi hunyooka: mwenzako akivuta, kitambaa kinamfuata na kutoka mkandani, naye anapata mshiko mzuri bila jasho. Kwenye uzani huu jambo hilo si dogo. Slovenia, nchi ya watu milioni 2 na ushei, imetoa mabingwa watatu wa Olimpiki katika kilo 63: Urška Žolnir London 2012 (baada ya shaba ya Athens 2004), Tina Trstenjak Rio 2016, kisha Leški. Wote ni wa klabu moja, Sankaku ya mji mdogo wa Celje, chini ya kocha mmoja, Marjan Fabjan. Trstenjak alikutana na Clarisse Agbegnenou wa Ufaransa kwenye fainali mbili za Olimpiki mfululizo. Rio alishinda, Tokyo alishindwa baada ya dakika 4 kwisha bila mshindi, kwenye muda wa dhahabu, yaani wa nyongeza, ambao hauna kikomo. Wachezaji wanapojuana hivyo, kila mshiko una thamani. Leški naye alikaa nyuma ya Trstenjak, kwa kuwa Olimpiki kila nchi hupeleka mmoja tu kwa uzani. Mwaka 2021 alipata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia Budapest, na Paris akampita huyohuyo Agbegnenou kwenye nusu fainali. Hakuna nguo inayompa mtu subira hiyo. Ila nguo mbovu inaweza kumtoa kabla hajapanda mkekani.

Maana kabla ya pambano kuna ukaguzi, na mikono ya koti ndipo pesa inapopotea. Ukinyoosha mikono mbele, koti lifunike mpaka kifundo chote cha mkono. Ndani ya mkono wa koti kuwe na nafasi ya kutosha, nayo hupimwa kwa kifaa kiitwacho sokuteiki. Koti lifunike makalio yote. Suruali isipande zaidi ya sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu. Ncha za mkanda zibaki sentimita 20 hadi 30 kutoka fundoni. Msichana huvaa ndani fulana nyeupe ya mikono mifupi, ya shingo ya mviringo, ndefu ya kuchomekwa.

Sasa kasoro. Judogi ya pamba ambayo haijafuliwa hurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Mkono wa sentimita 60 ukirudi asilimia 5, umepoteza sentimita 3, na ndizo zilizokuwa zikifunika kifundo. Saizi huandikwa kwa sentimita za urefu wa mtu: wa 162 asichukue 160, achukue 165 au 170, aifue kwa maji baridi mara 2 au 3, ndipo apime. Ikibaki ndefu, usiipeleke kwa fundi wa magauni. Sindano yake itavunjika kwenye tabaka za mkononi. Mtafute fundi wa maturubai au wa viti vya gari, mwenye cherehani nzito na sindano namba 18, naye akunje kwa ndani bila kukata.

Kufua ndiko Mombasa inakoiadhibu nguo hii. Maji ya visima vingi yana chumvi: sabuni haitoi povu, mabaki yake yanakwama kitambaani, kola inakuwa ngumu kama gunia na kuichubua shingo. Fua kwa hayo ikibidi, lakini suuza ya mwisho iwe maji matamu, hata ndoo 2 tu. Jiki usitie kabisa. Inakula nyuzi za pamba, na mshono wa kwapa hufa kwanza. Usiikunje na jasho lake kwenye mfuko, hata kwa usiku mmoja. Kaskazi, ikianikwa asubuhi penye upepo, jioni imekauka. Masika, kola bado ni mbichi siku ya pili, na hapo ndipo ukungu huingia, vidoa vyeusi visivyotoka. Pitisha mti kwenye mikono miwili kama unavyoanika kanzu, kola isimame wazi. Ya buluu igeuze ndani nje, uiweke kivulini.

Kwa hiyo mazoezini tunapendekeza ya gramu 450 hadi 550. Inakauka haraka, na kola yake inatosha kumfundisha mtu kupigania mshiko. Ya gramu 350 ni ya watoto na wanaoanza. Mtu mzima akivutwa nayo kila juma, mabega ya koti hayachukui muda kuchanika.

Ukienda Kongowea kwenye mitumba, angalia usiuziwe nguo ya karate. Nyeupe zote hufanana zikiwa kwenye rundo. Ya judo, kifua na mgongo vimefumwa kwa vinundu kama punje za mchele, na kola ni nene. Ya karate ni kitambaa laini kama cha shuka nene, na itachanika mara ya kwanza ukitupwa. Ukipata ya judo, tia vidole viwili kwapani, vuta pande mbili kwa nguvu. Mshono ukilia, irudishe kwenye rundo.